Mishahara nimepandisha na bonasi natoa, mbona kazi inazidi kuzorota? Kiwanda cha mikate, watu 16

MwokajiDom

Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri wa watu wanaoijua kazi ya kuongoza watu, sio wa kunitia moyo tu.

Ni kiwanda kidogo cha mikate hapa Dodoma. Wafanyakazi ni 16: wanne wa kukanda na kukata madonge, watatu wa oveni, wanne wa kufungasha, wanne wa kusambaza kwa bajaji, na msimamizi mmoja. Wa kukanda na wa oveni wanaingia saa 4 usiku na kutoka saa 12 asubuhi, siku sita kwa wiki. Wafungashaji wanaingia saa 8 usiku. Bajaji zinatoka saa 12 asubuhi.

Januari kila mtu aliongezewa 40,000, kwa hiyo mshahara sasa unaanzia 300,000. Tangu Machi kuna bonasi ya 30,000 kwa kila mtu mwezi ambao tumefikisha mikate 40,000. Wasambazaji wana mshahara pamoja na kamisheni ya shilingi 20 kwa kila mkate wanaopakia. Anayechelewa anakatwa 5,000.

Matokeo yake: kwa miezi miwili mambo yalikwenda vizuri, sasa uchelewaji umezidi kuliko mwanzo. Mikate inayorudi kutoka madukani imeongezeka. Wateja wanalalamika kwamba mkate wa gramu 400 umekuwa mwepesi. Na bonasi inaulizwa "inatoka lini", kama vile ni sehemu ya mshahara.

Nauliza: bonasi niibadilishe vipi au niifute? Kamisheni je? Na wawili watatu ambao ni wazembe kabisa, nawaondoa kwa utaratibu gani?

---

Mpangakazi

Mkuu, wafanyakazi wako wanafanya kile kile unachowalipa wafanye. Tuanze na huo mkate mwepesi.

Bonasi yako inahesabu idadi ya mikate na hakuna kingine. Chukua gunia la unga la kilo 50. Ukiweka maji lita 29, pamoja na sukari, mafuta, hamira na chumvi vya jumla ya kilo 4 hivi, unapata kinyunya cha kilo 83. Mkate ukiokwa unapoteza kama asilimia 13 ya uzito, kwa hiyo ili utoke na gramu 400 donge liwe na gramu 460. Gunia linakupa mikate 180. Mkataji akishusha donge hadi gramu 430, gunia lile lile linatoa mikate 193. Mikate 13 ya ziada kwa kila gunia bila jasho lolote la ziada, na kila mkate una gramu 374. Hakuna haja ya watu kukaa kikao cha kukuibia. Mkono unakuwa mwepesi wenyewe pale lengo linapokuwa mbali na tarehe ni 27.

Kasoro ya pili ni umbali kati ya mtu na lengo. Mfungashaji hana uwezo wa kuongeza mkate hata mmoja. Umeme ukikatika siku mbili, wote wanakosa 30,000 kwa kosa lisilo lao. Tarehe 20 ikifika na hesabu inaonyesha 40,000 haifikiki, siku kumi zilizobaki hazina maana kwa yeyote. Ikifikika mapema, vilevile. Na kwa kuwa wote wanapata sawa, anayejituma na anayelala kwenye magunia hawana tofauti, na anayejituma analiona hilo haraka kuliko wewe.

Usiifute ghafla. Watu huumia zaidi kunyang'anywa walichokwisha kuzoea kuliko walivyofurahi kukipata. Ibadilishe hivi:

Igawe kwa wiki na kwa kikosi. 30,000 kwa mwezi ni 7,500 kwa wiki. Kikosi cha usiku kipimwe peke yake, wafungashaji peke yao. Kikosi cha usiku kinapata 7,500 kwa kila mtu wiki ambayo mambo matatu yametimia kwa pamoja: mikate iliyopangwa imetoka kabla ya saa 10 alfajiri ili ipoe vizuri kabla ya kufungwa, wastani wa uzito uko sawa, iliyoungua au kubonyea haizidi asilimia 2. Uzito upimwe kwa kuchukua mikate 10 kutoka kila mwoko, anayepima awe mfungashaji, sio mwokaji. Wafungashaji wao wapimwe kwa mifuko iliyofunguka au kuandikwa tarehe isiyo sahihi, na kwa bajaji kuondoka saa 12.

Vigezo visizidi vitatu. Kikiongezeka cha nne hakuna atakayekikumbuka saa 9 usiku. Na andika kwenye karatasi ya tangazo kwamba mpango huu ni wa miezi mitatu, kisha utaangaliwa upya. Bila sentensi hiyo moja, mwezi wa nne bonasi itakuwa mshahara.

Lakini kabla ya hayo yote, kwa wiki mbili fanya kazi moja isiyo na gharama. Weka daftari karibu na mashine ya kukandia. Kazi ikisimama zaidi ya dakika 10, kiongozi wa zamu anaandika saa, sababu na dakika zilizopotea: mzani umekwenda kufungashia, ufunguo wa stoo ya unga uko kwa mtu aliyelala, mkanda wa mashine umechomoka, trei hazijaoshwa. Mwisho wa wiki mbili jumlisha dakika kwa kila sababu, kisha maliza mbili za juu. Katika viwanda vidogo hizo mbili aghalabu zinatatuliwa na mzani wa pili na nakala ya ufunguo. Mtu anayesubiri ufunguo kwa dakika 40 kila usiku huwezi kumtia ari kwa fedha, maana ameshaona kwamba bidii yake haibadilishi kitu.

Kuhusu mshahara wenyewe kukosa nguvu baada ya miezi miwili: Frederick Herzberg alilieleza mwaka 1959, kwamba mshahara na mazingira ya kazi huondoa manung'uniko tu, ari hutoka kwenye kazi yenyewe, kutambuliwa na kupewa dhamana. Mimi nalichukua kwa tahadhari. Yeye aliwahoji wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh, watu ambao kodi ya nyumba haikuwa inawakosesha usingizi. Kwa mtu wa 300,000 fedha bado ni hoja kubwa. Ila hata kwake, nyongeza ya wote kwa mkupuo hulipa deni la jana, hainunui ari ya kesho.

---

Kaskazi

Kabla watu hawajaendelea, mtoa mada jibu matatu. Hao wanaochelewa wanatoka wapi na wanafikaje saa 4 usiku? Mshahara unatoka tarehe ngapi hasa? Na kati ya hao 16, ndugu zako ni wangapi?

---

MwokajiDom

@Kaskazi wengi wanatoka Nala, Mkonze na Ihumwa. Wa kukanda wanapanda daladala mpaka mjini halafu wanatembea. Wafungashaji wa saa 8 usiku wanachangishana bodaboda. Mshahara ni kati ya tarehe 28 na 5, inategemea makusanyo. Ndugu ni mmoja, msimamizi. Ni shemeji yangu.

---

Kaskazi

Basi uchelewaji wako nusu yake ni usafiri. Bajaji nne zimelala uani usiku kucha. Moja ikizunguka saa 7 na nusu kuchukua wafungashaji wanne kwenye vituo viwili vilivyopangwa, unamaliza tatizo kwa mafuta ya lita chache. Aliyekosa kituo ajitegemee. Hapo ndipo utaweza kutofautisha mwenye shida na mzembe. Kwa sasa huwezi.

Tarehe ya mshahara iwe moja. Ukisema tarehe 1, iwe tarehe 1 hata kama inabidi utenge fedha ya mishahara kila wiki kwenye akaunti ya pembeni. Mtu asiyejua atalipwa lini anakuja kukuomba advansi tarehe 15, unampa huyu unamnyima yule, na hapo umeshazalisha maneno. Advansi nazo ziwe na kanuni: siku moja maalumu ya mwezi, kiwango kisichozidi theluthi ya mshahara, fomu yenye saini, hakuna ya pili kabla ya kwanza kumalizika. Shemeji naye ajaze fomu hiyo hiyo.

Shemeji ndiye jambo kubwa hapa, na nitalirudia baada ya wengine kuchangia.

---

BintiMauzo

Naingia kwenye kamisheni, huko ndiko fedha zinakovuja.

Unamlipa msambazaji kwa kupakia. Mkate ukishapanda bajaji, yeye kashalipwa. Akipakia 380 akarudisha 50, kamisheni yake ni 7,600 ile ile. Wewe, kama mkate mmoja unakugharimu 900, umepoteza 45,000 siku hiyo, labda ukomboe kidogo kwa kuuza chenga.

Kamisheni ihesabiwe kwa mkate uliouzwa na fedha yake ikafika ofisini, na kiwango kitegemee marejesho ya wiki nzima:

– marejesho hayazidi asilimia 5: shilingi 25 kwa mkate
– zaidi ya 5 hadi 10: shilingi 18
– zaidi ya 10: shilingi 10

Kwa siku, akipakia 340 akauza 330, marejesho ni chini ya asilimia 3, anapata 8,250, zaidi ya anachopata sasa. Akipakia 380 akauza hizo hizo 330, marejesho ni asilimia 13, anapata 3,300. Atajifunza kukadiria oda yake ndani ya wiki mbili. Fanya kwa wiki, sio kwa siku, kwa sababu siku moja ya mvua au msiba mtaani isimharibie mtu.

Sasa watakavyokwepa, maana watakwepa.

Mosi, ataacha mkate wa jana dukani kwa mali kauli, yaani duka lilipe baadaye, na kuandika kwamba umeuzwa. Ndiyo maana nimesema fedha ifike ofisini kwanza. Mali kauli ihesabiwe siku deni linapolipwa, na kila duka liwe na kikomo chake.

Pili, atachanganya mkate wa jana na wa leo. Tumia vibanio vya mfuko vya rangi tofauti kwa kila siku ya wiki. Ukipita dukani Jumatano ukakuta rangi ya Jumatatu, huhitaji kumuuliza mtu swali.

Tatu, na hili wengi hawalitegemei: ataanza kupakia kidogo mno ili marejesho yawe sifuri. Asilimia itapendeza huku maduka yanaishiwa saa 6 mchana na mshindani anaingiza wake. Kwa hiyo kila siku mtu wa ofisini apige simu maduka mawili ya kila njia, bila mpangilio unaojulikana, saa 10 jioni, aulize swali moja tu: mikate imebaki mingapi? Duka lililoishiwa mara tatu ndani ya wiki linaongezewa mikate 5 kwenye oda, na msambazaji anajulishwa. Marejesho ya asilimia 2 au 3 ni ya kawaida kabisa. Sifuri ni dalili mbaya.

Njia hazilingani pia. Anayezunguka katikati ya mji anauza amesimama, wa Ihumwa anachoma mafuta. Chukua wastani wa wiki nne za kila njia ndipo upange viwango, na usiwazungushe watu njia kila mwezi kwa kutafuta usawa. Mwenye duka humnunulia anayemfahamu.

---

AfisaUtumishi

Mchango wangu ni wa sheria, na baadhi yake hutaupenda.

Hiyo faini ya 5,000 ya kuchelewa isimamishe leo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura 366, kifungu cha 28, hairuhusu mwajiri kukata mshahara anavyotaka. Makato ni yale yanayotakiwa au kuruhusiwa na sheria, makubaliano ya pamoja, amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi, au deni ambalo mfanyakazi ameridhia kwa maandishi. Hata hasara aliyosababisha mfanyakazi ina masharti: awe kazini, liwe kosa lake, apewe kwa maandishi sababu na hesabu, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Kuchelewa ni suala la nidhamu. Kunaandikwa kwenye rejista, kunaonywa.

Zaidi ya sheria, faini inaharibu hata lengo lako. Mtu aliyelipa 5,000 anahisi amemaliza deni; amenunua ruhusa ya kuchelewa, na kama bodaboda ni 4,000 kwenda na kurudi, faini ya mara mojamoja ni nafuu kwake.

Pili, saa za kazi. Saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi ni saa 8. Kwa siku sita ni 48, na kikomo cha kawaida ni 45 kwa wiki. Kama wanapumzika ile saa moja ambayo sheria inaitaka baada ya kufanya kazi saa tano mfululizo, wako kwenye 42 na huna tatizo. Kama wanakula wamesimama mbele ya oveni, una saa 3 za ziada kila wiki kwa kila mtu, zinazolipwa mara moja na nusu. Panga mapumziko kwa zamu, wawili wawili, wakati kinyunya kinaumuka.

Tatu, kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Piga hesabu: 300,000 ukigawa kwa saa 195 za mwezi ni kama 1,538 kwa saa, asilimia 5 yake ni 77, kwa saa 8 na siku 26 ni kama 16,000 kwa mwezi. Saa ya mapumziko ukiitoa inapungua kidogo. Kama hulipi, hiyo bonasi yako ya 30,000 nusu yake ni haki yao uliyowacheleweshea, nao huenda wanalijua.

Sasa wazembe. Tenganisha mambo mawili ambayo waajiri huyachanganya: utovu wa nidhamu na utendaji duni. Asiyekuja kazini na asiyejua kukata donge la gramu 460 hawafuati njia moja. Kanuni za utendaji bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinataka kwa utendaji duni uchunguze sababu, umwelekeze, umpe muda wa kutosha kujirekebisha na umwonye kwa maandishi kwamba asipobadilika ajira inaweza kusitishwa. Kwa mkata madonge wiki nne zinatosha kuonyesha mabadiliko. Karatasi moja inatosha: kiwango kinachotakiwa, alipo sasa, nani atamfundisha, tarehe ya kupimwa, saini mbili.

Kwa nidhamu, mpe mashtaka kwa maandishi, muda usiopungua saa 48 wa kujiandaa, haki ya kuja na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na anayeendesha kikao asiwe aliyemshtaki. Ukimfukuza kwa simu saa 5 usiku, ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na hapo hata kama alikuwa mzembe kweli, utashindwa kwa utaratibu.

---

MwokajiDom

Nashukuruni sana. @AfisaUtumishi, sasa faini ikiondoka, mwenye kuchelewa anabaki na nini cha kumzuia? Na @Kaskazi ulisema utarudi kwa shemeji.

---

AfisaUtumishi

Rejista na mazungumzo. Mara ya kwanza, kiongozi wa zamu anamuuliza usiku ule ule, pembeni, kumetokea nini. Ya tatu ndani ya mwezi ni onyo la maandishi. Ukitaka fedha iwepo, weka posho ya mahudhurio badala ya makato, mathalani 4,000 kwa wiki aliyowahi siku zote sita, na uandike kwamba siku ya ugonjwa yenye cheti haiharibu hesabu. Usipoweka hilo watu watakuja kukanda unga wakiwa na homa, na hiyo ni hatari nyingine.

---

Kaskazi

Shemeji. Bajaji zinatoka saa 12 asubuhi, zamu inaanza saa 4 usiku, na maduka yanalipa mchana. Mtu mmoja hawezi kusimamia yote hayo, awe shemeji au malaika. Kwa hiyo saa 8 usiku hakuna mwenye mamlaka, na kila kitu kinasubiri apokee simu.

Teua kiongozi wa zamu ya usiku kutoka miongoni mwa wenyewe, kwa posho ya 50,000 au 60,000 kwa mwezi. Usikimbilie mwokaji hodari kuliko wote. Mara nyingi huyo akipewa uongozi anafanya kazi za wengine kwa kuwa haziendi anavyotaka yeye, na umempoteza mwokaji bila kupata kiongozi. Angalia nani wenzake humwendea mashine ikigoma. Mjaribu miezi mitatu, na mkubaliane tangu mwanzo kwamba akirudi nafasi yake ya zamani si adhabu.

Mpe orodha ya anayoweza kuamua bila kumpigia mtu simu: kusimamisha mwoko ambao uzito hauko sawa, kuhamisha watu kati ya kukanda na oveni, kufungua stoo, kumruhusu mwenye dharura aondoke. Kisha vumilia. Siku utakapoutengua uamuzi wake mbele ya vijana, tafuta mwingine, maana huyo amekwisha.

Shemeji abaki na mauzo, makusanyo na manunuzi. Asaini rejista kama wote, na asiwe ndiye anayepima uzito wala anayehesabu bonasi. Sijui mahusiano yenu nyumbani yakoje, ila vijana wanaojua kwamba malalamiko yao yanaishia mezani kwa shemeji yako hawatakwambia ukweli hata uwalipe nini.

---

Mpangakazi

Nakubaliana, ila naongeza ubao. Matokeo ya wiki yabandikwe mahali kila mtu anapita: uzito wa wastani, asilimia ya iliyoharibika, saa ya kutoka. Bila majina.

---

BintiMauzo

Kwa wasambazaji napingana nawe, majina yawepo. Ni wanne tu, kila mmoja ana njia yake, na wanajuana matokeo hata usipoyaandika. Kwa wa usiku sawa, bila majina, kwa sababu kinyunya kinapita mikono minne na huwezi kusema donge lipi la nani.

---

MwokajiDom

Daftari la vikwazo linaanza Jumatatu, na bajaji ya saa 7 na nusu leo hii. Vibanio vya rangi hapa Dodoma sijaviona, nitaagiza Dar.

---

BintiMauzo

Wakati unasubiri, tumia utepe wa kufungia wa rangi, kipande cha sentimita 5 kwenye shingo ya mfuko. Hakikisha hauachi gundi kwenye mkate, na rangi ya Jumamosi isifanane na ya Jumatatu.